Jina refu, mzigo kwa mtoto

MZAZI amteuliaye bintiye jina refu na la ajabu hutaka asifanane na wengine. Ni haki yake, ila atakayeitwa jina hilo darasani kila asubuhi si yeye.

Mnamo 2008 ilifichuka kesi ya mahakama ya New Plymouth, New Zealand, kuhusu msichana wa miaka tisa ambaye jina lake lilikuwa sentensi nzima juu ya kucheza ngoma ya Hawaii. Aliona haya hata rafikize wakamjua kwa herufi K tu. Jaji Rob Murfitt alimweka chini ya ulezi wa mahakama ili abadilishiwe jina. Ajabu ni kwamba wasajili huko sasa hudai jina lisifike herufi 70. Lake halikufikia hata nusu.