Bastola ya Marehemu Sandukuni

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliikumbuka mwezi uliopita nilipoitwa Mji wa Kale, Mombasa, nyumbani kwa rafiki yangu aliyetangulia mbele ya haki. Khitma ilikuwa imekwisha, na warithi walikuwa wakihesabu mirathi. Ndani ya sanduku, chini ya kanzu kuukuu, walikuta bastola na risasi tisa.

Mjane hakutaka hata kuitazama. Kijana mkubwa alikuwa amekwisha kuambiwa barazani kuwa kitu kile ni cha mamilioni, akataka kiwe katika fungu lake. Dadake naye akasema, kama ni mamilioni basi tugawane kwa faraidhi. Maneno yakawa makali.

"Ami, tutajie bei tu," kijana aliniambia.

"Mwanangu, kitu hujuliwa jina kwanza, kisha kikatajwa bei. Iweke mezani, wala usiiguse tena."

Ilikuwa Webley ya Uingereza, bastola ya matundu sita inayokunjika kati na kutoa maganda yote kwa mara moja. Mtutu wa inchi 6 na kitako cha mraba vilinionyesha kuwa ni ya aina ya sita, iliyoingia jeshini mwaka 1915. Maafisa wa Kiingereza waliichukua katika vita vya 1914 hadi 1918, vita vilivyofika mpaka huku kwetu.

Wasomaji wangu, thamani ya silaha kama hii imo katika alama zake. Ubavuni hupigwa aina na mwaka. Mshale mpana ni mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyogusana ncha ni kuwa serikali imekwisha kuiuza. Namba ya mwilini ikiwiana na ya matunduni, bei hupanda. Huko Marekani nyingi zilikwanguliwa nyuma ya matundu ili zipokee risasi ya Kimarekani ya .45, hizo bei yake ni duni, na risasi hiyo ina nguvu kuliko chuma chake.

Risasi nazo husomwa kitakoni. Herufi K ni ya kiwanda cha Kynoch, Birmingham. Lakini tahadhari: VI ya bastola si VI ya risasi. Risasi ya VI, yenye gamba gumu, ilitoka mwaka 1939. Pakiti kamili ambayo haijafunguliwa hupendwa na wakusanyaji kuliko risasi mojamoja zilizoota kutu ya kijani.

Basi nikaitafuta namba, nisiione. Nikautafuta mwaka, nisiuone.

"Niliisugua kwa msasa, Ami," kijana alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka ing'are mnunuzi akija."

Alama zilizokaa miaka mia moja zilifutika asubuhi moja. Na hata zingalikuwapo, sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, inakataza kuwa na bastola au risasi bila ya cheti. Mali usiyoweza kuiuza kwa halali utaigawaje?

Tulikwenda kituoni kutoa habari, mikono mitupu, kwani silaha haitembezwi mkobani. Askari walikuja wakaichukua pamoja na risasi, wakaandika karatasi. Mjane aliikunja karatasi ile akaitia sandukuni. Mirathi ikagawanywa bila ya bastola, na ndugu wale wanasalimiana.

Nawe ukikuta kama hiyo: usisugue, usijaribu, usitembee nayo. Toa habari kwanza.