Alibhai Mulla Jeevanjee

Alibhai Mulla Jeevanjee (Karachi, 1856 – Nairobi, 1936) alikuwa mfanyabiashara na mwanasiasa wa Kenya mwenye asili ya Kihindi. Alikuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya wakati wa ukoloni wa Waingereza.

Biashara

Jeevanjee alizaliwa katika familia ya Waislamu Wabohora, akafika Mombasa mwaka 1890. Wahindi waliomtangulia Afrika Mashariki, kama Sewa Haji na Allidina Visram, walitajirika kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora. Utajiri wa Jeevanjee ulitokana na reli. Kampuni yake ilileta vibarua kutoka Uhindi na kuwapatia chakula wajenzi wa Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya Mombasa na Kisumu kuanzia 1896 hadi 1901. Alianzisha pia gazeti la *African Standard* mjini Mombasa. Aliliuza mwaka 1905, na leo linaitwa *The Standard*.

Siasa

Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907 likiwa na Wazungu watupu. Jeevanjee aliteuliwa mwaka 1909, akawa Mhindi pekee ndani yake. Ingawa alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi, serikali haikuwagawia Wahindi mashamba katika nyanda za juu, zilizotengewa walowezi Wazungu. Kwa kuwa kura yake moja haikuweza kubadili jambo hilo, mwaka 1910 alipeleka malalamiko yake London. Mwaka 1914 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha kisiasa cha Wahindi wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1923 serikali ya Uingereza iliwapa Wahindi viti vitano barazani, lakini iliwaachia Wazungu nyanda za juu. Ilitangaza pia kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie. Hata hivyo Waafrika, ambao ndio walionyang'anywa ardhi hiyo, hawakuwa na mjumbe Mwafrika hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944.

Kumbukumbu

Mwaka 1906 Jeevanjee aliwapa wakazi wa Nairobi bustani inayoitwa hadi leo Jeevanjee Gardens. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga juu yake. Mjukuu wake, mwandishi Zarina Patel, aliongoza upinzani uliozuia ujenzi huo, na bustani bado iko wazi kwa umma.