Kuni Zikae Nje, Mahindi Yakae Mbali

Pale Kaplong barabara za Kericho, Kisii na Bomet zinapokutana, kuni hazikosekani machoni: magogo ya mkaratusi, au blugamu kama wengi wanavyouita, yakipelekwa viwanda vya chai, muwati uliochanjwa na kuegemezwa ukutani, matawi ya grevilea chini ya upenu wa jiko. Mvua inayostawisha majani chai hustawisha miti hii pia, na ndiyo inayofanya kuni zichelewe kukauka. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya za Kenya zinategemea kuni kupikia. Kwa hiyo suala la wadudu wanaoingia nyumbani na mzigo wa kuni linagusa watu wengi mno kupuuzwa.

Wadudu hao si wa aina moja. Chukua kipande cha muwati kilichokaa miezi kadhaa na gome lake, ulibandue kwa panga. Utaona vijia vinavyopindapinda, vimejaa vumbi la mti lililoshindiliwa, na mwishoni mwa kimoja huenda yumo buu mweupe, mnene upande wa kichwa, asiye na miguu ya kuonekana. Huyo ni mtoto wa mbawakawa mwenye papasi ndefu. Mama yake alitaga kwenye gogo bichi au mti uliokuwa ukinyauka. Akifikia utu uzima sebuleni ataruka na kutisha watoto, lakini aghalabu hatadhuru kitu, kwa kuwa wengi wa jamii yake hawazaliani kwenye mbao kavu isiyo na gome. Ukiambua gome mapema, unamnyima pa kuanzia, na kuni zinakauka haraka.

Bungua wa unga ni shauri jingine. Yeye hapendi mti mbichi. Hufuata wanga uliobaki ndani ya mbao iliyokwisha kukauka, hutaga kwenye vitundu vidogo vya mti wenyewe, na dalili yake ni matobo membamba yanayodondosha unga laini sakafuni. Huyu anaweza kuhama kutoka kwenye kuni hadi kwenye kiti au fremu ya mlango isiyopakwa vanishi. Kipande chenye unga huo kisirudishwe kwenye rundo. Kichomwe siku hiyohiyo.

Mchwa naye ana udhaifu mmoja mkubwa: ngozi yake ni nyororo na hukauka upesi. Ndiyo maana husafiri ndani ya vijia vya udongo, akibeba unyevu wa ardhini. Rundo lililolazwa chini humfungulia mlango, na likiegemea ukuta wa mbao au wa udongo, humpa ngazi ya kufikia paa. Panga kuni juu ya mawe au matofali, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, mbali na ukuta wa nyumba, ili jicho lione kijia cha udongo kinapoanza kupanda. Juu weka bati, lakini pande ziachwe wazi upepo upite. Rundo lililofunikwa nailoni gubigubi huvunda, na nge, tandu na panya hulipenda sana.

Kukausha kuna faida nyingine iliyo kubwa kuliko ya wadudu. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kilo moja ya maji hayo hula megajuli 2.6 hivi za joto kabla haijawa mvuke, joto ambalo lingeivisha ugali, na moto uliopoa namna hiyo hutoa moshi mwingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Huku kwetu, kuni zichanjwe Desemba, zipate jua la Januari na Februari kabla ya mvua za masika. Zikikauka, ncha hupasuka nyufa, na ukigonganisha vipande viwili vinalia kwa sauti kali.

Kuna wanaonyunyizia rundo dawa ya wadudu. Tafadhali msifanye hivyo. Dawa haifiki alipo buu, na kinachobaki juu ya kuni hugeuka moshi wenye sumu karibu na chakula na mtoto aliye mgongoni. Ingiza ndani kuni za siku moja tu, ukizikung'uta kwanza.

Lakini jambo ninalolihofia zaidi ni kuni kuwekwa ghalani pamoja na mahindi. Dumuzi, mdudu aliyetoka Meksiko na Amerika ya Kati, alivamia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akaonekana Taveta mwaka 1983, na akazigeuza akiba za familia kuwa unga usiolika. Ukoo wake ni wa watoboaji wa miti. Watafiti nchini Kenya wamemkuta porini akizaliana ndani ya miti, bila punje hata moja ya mahindi. Mwaka 1992 Kenya ilimwachilia adui yake wa asili, mbawakawa mdogo anayewinda mayai na mabuu yake, ila mwindaji huyo hakuweza kuyalinda maghala peke yake. Kwa hiyo ghala lisiwe stoo ya kuni hata kwa wiki moja, na fito na nguzo zake ziambuliwe gome, zikauke na zikaguliwe matobo kabla ya kujengewa. Ghala la zamani lifagiliwe hadi kwenye nyufa za mbao kabla ya mahindi mapya kuingia, maana dumuzi wa mwaka jana anaweza kuwa bado yumo humo.