Istilahi za Makuzi ya Mtoto: Tangu Kukaa Hadi Kwenda Tete

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Maelezo hayo yanatosha mahakamani, lakini hayamtoshi muuguzi wa kliniki wala mlezi wa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Katika miaka mitatu ya kwanza mtoto hupita hatua nyingi, na kila hatua ina jina lake. Hata hivyo, hati nyingi zinazotafsiriwa hutumia maneno machache tu: mtoto mchanga, mtoto mdogo, anatembea, hatembei. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba maneno yanayohitajika yamo katika lugha yetu, na kwamba kuyaacha kuna madhara.

Tuchukue swali moja: "Je, mtoto anatembea?" Mama ambaye mwanawe huzunguka chumbani kwa kushika kitanda na viti atajibu ndiyo. Mwingine, ambaye mwanawe hupiga hatua nne akaanguka, atajibu bado. Wote wawili wamesema kweli, lakini kadi zao zitasema uongo: mtoto aliye nyuma ataonekana ametangulia. Kosa hapa si la akina mama, bali ni la swali.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa hatua sita za viungo, uliofanywa kwa watoto wenye afya wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Kwa kila hatua tunapendekeza istilahi moja, pamoja na muda uliotajwa katika uchunguzi huo:

1. Kukaa bila kuegemea: miezi 3.8 hadi 9.2.
2. Kusimama kwa kushikilia: miezi 4.8 hadi 11.4.
3. Kutambaa, yaani kwenda kwa mikono na magoti: miezi 5.2 hadi 13.5.
4. Kwenda kwa kushikilia: miezi 5.9 hadi 13.7.
5. Kusimama dede, yaani bila kushika kitu: miezi 6.9 hadi 16.9.
6. Kwenda tete, yaani kupiga hatua peke yake: miezi 8.2 hadi 17.6.

Tarakimu ya kwanza ni umri ambao watoto wachache mno huwa wamefika hatua hiyo. Ya pili ni umri ambao karibu wote huwa wamefika. Kwa hiyo mfasiri asiandike "mtoto hutembea akiwa na mwaka mmoja" kana kwamba ni amri. Mtoto wa miezi 15 ambaye bado hajaenda tete yumo ndani ya muda wake.

Maneno dede na tete yanastahili kuangaliwa zaidi. Yote mawili hutaja hali ya kuyumbayumba ya mtoto anayejifunza, wala hayamfai mtu mwingine. Mfasiri asiyeyajua hukimbilia kupepesuka au kujikongoja. Lakini apepesukaye ni mlevi au mgonjwa, na ajikongojaye ni mzee au mtu aliyeishiwa nguvu. Tukiandika katika kijitabu cha wazazi kwamba mtoto wa mwaka mmoja hupepesuka, msomaji atadhani tunaeleza dalili ya maradhi.

Vivyo hivyo kutambaa kutengwe na kusota. Mtoto anayesota hujisukuma kwa makalio. Katika uchunguzi tuliokwisha utaja, watoto 4.3 kwa kila 100 hawakuonekana kutambaa kwa mikono na magoti, na hata hivyo walifika hatua nyingine. Kadi yenye neno kutambaa peke yake yaweza kumtia hofu mama wa mtoto anayesota, hali hakuna sababu ya hofu.

Sasa tumwite nani huyu aendaye tete? "Mtoto mchanga" halifai, kwa maana wataalamu wa afya hulitumia hasa kwa mtoto wa siku 28 za kwanza, na katika mazungumzo ya kawaida halivuki sana mwaka mmoja. "Mtoto mdogo" ni pana mno. Sisi hatuoni haja ya kuunda neno jipya. Katika hati za serikali na za afya utajwe umri wenyewe: mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Katika hadithi na vitabu vya wazazi, "mtoto aendaye tete" hutosha, nalo hueleweka bila maelezo.

Upande wa chakula una hatari kubwa zaidi. Kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa. Kwa hiyo uji anaopewa mtoto akitimiza miezi sita usiitwe "chakula cha kulikiza", kwani ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Istilahi sahihi ni "chakula cha nyongeza". Mama anayesoma neno la kwanza huenda akamnyima mwanawe maziwa kwa kutii alichokisoma.

Yapo pia maneno ya mila ambayo yana hukumu ndani yake. Kubemenda humtuhumu mzazi kwamba amemdhoofisha mtoto kwa kutojizuia wakati wa kunyonyesha. Neno hili lina nafasi yake katika kamusi na katika masimulizi, lakini lisitumiwe kutafsiri utapiamlo, udumavu, ukondefu wala unyafuzi. Hayo yana sababu zake na tiba zake. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Haielekei kuwahukumu wazazi wa wote hao kwa neno moja. Kijego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, ni neno la namna hiyo hiyo. Kwa kawaida meno ya chini hutangulia, lakini kuota ya juu kwanza si ugonjwa wala si nuksi.

Kuhusu tabia tutasema machache. Kudeka ni kutaka kubembelezwa. Kususa ni kukataa kitu kwa kuudhika. Kugaragara ni kujitupa chini na kubiringika. Mwalimu anayeandika "mkaidi" kwa yote matatu humpa mtoto wa miaka miwili jina asilostahili. Katika usemi, kitembe kisichanganywe na kigugumizi: cha kwanza ni kutotamka sawasawa, na cha pili ni kukwama katika kutamka.

Programu ya taifa iliyozinduliwa mwaka 2021 ilitumia maneno matatu pamoja: malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Mpangilio huo ni mzuri, maana hutenga kazi ya mzazi na hali ya mtoto mwenyewe. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali hawana budi kufuata uangalifu huo huo hata katika swali dogo la kliniki. Badala ya "Je, mtoto anatembea?" na tuulize: "Je, mtoto huenda kwa kushikilia, au huenda tete peke yake?" Mama atajibu kwa hakika, na kadi itasema kweli.