Safari ya Mbali kwa Ndege: Tengeneza Mwili Mbele ya Valizi



Zamani mtu wa Bukavu akisema anakwenda kusalimia jamaa, alipanda mashua ya Goma au gari la Uvira. Leo watoto wetu wamesambaa duniani. Mmoja yuko Ubelgiji, mwingine Kanada, na wengine wamefika hata Japani kwa masomo, kwa kazi au kwa ndoa. Tena Japani si nchi ngeni kwa watu wa migodi. Wajapani wa Nippon Mining waliunda pamoja na serikali yetu kampuni ya SODIMICO, na mgodi wa shaba wa Musoshi, kule Katanga, ukaanza kutoa madini mwaka 1972. Wajapani waliishi huko pamoja na wafanyakazi wetu, na hata leo kuna jamaa za Katanga zenye damu ya pande zote mbili.

Basi habari ikifika kwamba mjukuu amezaliwa Japani na wazee wanaitwa kumwona, nyumba nzima inafurahi. Watu wanafikiri tiketi, zawadi na nguo. Wachache wanafikiri mwili utakaobebwa na ndege hiyo. Mtu aliyechimba mwamba miaka ishirini hana mapafu sawa na ya karani. Ndiyo sababu ukurasa wetu wa afya unazungumza leo juu ya safari.

NJIA NI NDEFU NAMNA GANI?

Toka Bukavu hadi Tokyo ni karibu kilomita 12 000 kwa mstari ulionyooka. Hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja. Tangu Februari 2025, vita vilipofika Kavumu na Bukavu, safari za abiria za uwanja wa Kavumu zilikatika, na wasafiri wengi wakashika njia ya kuvuka Ruzizi na kupita msitu wa Nyungwe hadi Kigali. Barabara hiyo peke yake ni karibu nusu ya siku. Toka Kigali unapita Addis Ababa, Doha au Dubai, kisha unakwenda Tokyo. Hesabu barabara, kungoja na ndege: mwili utakaa kitini zaidi ya saa 24. Kabla ya kununua tiketi, uliza kwanza hali ya mpaka na ya barabara.

MIEZI MITATU MBELE

Usingoje wiki ya mwisho ya konje. Anza na mambo haya:

1. Pasipoti na viza. Viza ya Japani inaombwa kwa ambasadi yake ya Kinshasa. Ndugu anayekualika atume kutoka Japani barua ya mwaliko, barua ya kukudhamini, na karatasi za kuonyesha udugu wenu. Viza ya kutembelea jamaa haipiti siku 90. Kinshasa ni mbali. Uliza mapema namna ya kufikisha karatasi zako.

2. Chanjo ya homa ya manjano. Kadi ya chanjo huanza kuwa na nguvu siku 10 baada ya sindano. Japani haiidai, lakini nchi unazopitia zaweza kuidai, na Kongo itakudai siku ya kurudi. Tangu Julai 2016, sheria ya Shirika la Afya Duniani inasema sindano moja inatosha maisha yote. Anayekuambia kadi imekwisha baada ya miaka 10, mwonyeshe tarehe ya chanjo yako.

3. Munganga. Nenda umwone ukiwa na muda wa kutibiwa. Akikuta ugonjwa siku mbili kabla ya safari, atafanya nini?

4. Bima ya safari. Hospitali za Japani ni nzuri, lakini mgeni asiye na bima analipa yote mwenyewe, na fedha hizo zaweza kupita bei ya tiketi.

MAPAFU YA MCHIMBAJI

Ndege kubwa inaruka juu sana, zaidi ya kilomita 10. Ndani yake hewa inasukumwa na mashine ili watu wapumue, lakini haifanani na hewa ya chini. Inafanana na hewa ya mlima wenye urefu wa mita 1 800 hadi 2 400. Sisi wa Bukavu tunaishi karibu mita 1 500, kwa hiyo mtu mzima wa afya hataona tofauti kubwa. Lakini mtu mwenye silikosi, yaani mapafu yaliyokauka kwa vumbi la mawe, tayari anapumua kwa taabu akiwa nyumbani. Huko juu oksijeni yake itapungua tena, na atakaa hivyo saa kumi au zaidi.

Fanya jaribio rahisi. Tembea mita 50 kwa mwendo wa kawaida, kisha panda ngazi za ghorofa moja. Ukisimama katikati kutafuta pumzi, usipande ndege kabla munganga hajakupima. Akiona lazima, kampuni ya ndege yaweza kukuwekea oksijeni, lakini iombwe mapema. Usifike nayo uwanjani katika chupa yako.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kukonda, kutoka jasho usiku: hizo ni dalili za kifua kikuu, na vumbi la mgodi linamfungulia mlango. Mwenye kifua kikuu kinachoambukiza hasafiri kwa ndege. Shirika la Afya Duniani linaagiza kwamba akigunduliwa mtu kama huyo aliyesafiri saa 8 au zaidi, abiria waliokaa karibu naye watafutwe. Usifiche kikohozi kwa kuogopa kupoteza tiketi. Tarehe ya tiketi yaweza kusogezwa mbele. Mjukuu wa mwezi mmoja akiambukizwa na babu yake, hilo halirudishwi.

DAMU INAYOLALA MIGUUNI

Mtu akikaa muda mrefu magoti yamekunjwa, damu ya miguu inatembea polepole, na yaweza kuganda ndani ya mshipa. Donge hilo likiachana na mguu na kupanda hadi mapafuni, laweza kuua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake: safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, basi, gari au treni, inazidisha hatari hiyo mara mbili. Hatari yenyewe si kubwa, karibu mtu 1 kati ya 6 000, lakini yaweza kupunguzwa bila kulipa kitu.

Wajapani wanaijua vizuri. Oktoba 2004, baada ya tetemeko la ardhi la Niigata, watu wengi waliogopa nyumba zao wakalala ndani ya magari siku nyingi, wamekunja miguu. Baadhi yao walikufa kwa damu iliyoganda, nao hawakuwa wamepanda ndege yoyote. Sisi tunaopita siku nzima ndani ya gari lililojaa tujifunze hapo.

Fanya hivi:

– Kila saa, ukiwa macho, inua visigino, kisha inua vidole vya miguu, mara ishirini.
– Simama utembee kati ya viti kila saa mbili hivi.
– Usiweke mfuko chini ya miguu. Acha nafasi ya kunyoosha magoti.
– Kunywa maji mara kwa mara. Hewa ya ndege ni kavu sana. Pombe iache, hata ikitolewa bure.
– Usimeze dawa ya usingizi ili ulale bila kugeuka safari nzima.

Aliyepasuliwa karibuni, aliyefungwa plasta mguuni, mama mwenye mimba au aliyejifungua karibuni, anayemeza vidonge vya kuzuia uzazi, na aliyewahi kuganda damu, waonane kwanza na munganga. Mimba ikipita wiki 28, kampuni nyingi za ndege zinataka karatasi ya munganga. Ikipita wiki 36, nyingi zinakataa.

Baada ya kufika, hata wiki kadhaa mbele, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafula kwa maumivu ya kifua, usingoje asubuhi. Nchini Japani ambulansi inaitwa kwa namba 119.

VALIZI YA MTU WA MGODI

Mfuko uliowahi kubeba baruti, vilipuzi au nyaya zake haufai kwa safari, hata ukiufua. Viwanjani kuna mashine zinazonusa chembe za baruti zisizoonekana kwa macho. Vivyo hivyo nguo na viatu vya kazi viache nyumbani. Nunua au azima mfuko safi. Jiwe la madini, hata dogo la kuonyesha wajukuu, usilibebe. Mpakani utaitwa mfanyabiashara wa magendo. Betri ya akiba ya simu iwe katika mfuko wa mkononi, kamwe isiwe katika valizi kubwa.

Dawa zako za presha, za sukari au za pumu ziwe mkononi, ndani ya vifurushi vyake, pamoja na karatasi ya munganga. Insulini usiiweke katika valizi kubwa, kwa maana yaweza kuganda kwa baridi. Japani inaruhusu dawa za munganga za mwezi mmoja tu kwa matumizi yako; zaidi ya hapo inatakiwa ruhusa mapema. Dawa nyingine za mafua na kikohozi zinazouzwa kwetu kirahisi zinakatazwa kule, hasa zenye pseudoefedrini au kodeini nyingi. Bangi usiiguse hata kwa mawazo, ni kifungo.

Na zawadi? Nyama ya namna yoyote, hata iliyokaushwa, haiingii bila karatasi za serikali. Matunda mabichi, majani na mbegu, vivyo hivyo. Kitenge kizuri hakiozi wala hakikamatwi.

Uliza pia majira. Bukavu haibadiliki sana mwaka mzima, lakini Tokyo mwezi wa Januari baridi inakaribia sufuri usiku, na mwezi wa Agosti joto linapita digrii 30. Kwa mwenye mapafu mabovu, majira ya katikati ni bora.

HOMA IKIKUSHIKA UGENINI

Malaria yaweza kusafiri nawe ndani ya damu na kuamka baada ya siku au wiki. Kule Japani waganga wengi hawaioni mara kwa mara. Mtu akifika na homa wataweza kufikiri ni mafua, na siku mbili zikapotea bure. Wewe au mtoto wako mkisikia homa, sema mara moja: «Natoka Kongo, mnipime malaria.» Mwana aliye kule aandike maneno hayo kwa Kijapani kwenye karatasi, nawe uitunze ndani ya pasipoti.

Vilevile mtoto aliyekulia Japani akija kuwatembelea Bukavu, damu yake haina tena mazoea ya malaria. Chandarua chake kiwe tayari, na apate dawa ya kuzuia kabla ya kuondoka.

Tusisahau mpox. Ni Kamituga, mji wetu wa dhahabu, ambako aina mpya ya ugonjwa huu iligunduliwa baada ya watu kuanza kuugua mwaka 2023. Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa hatari ya dunia Agosti 2024, likaondoa tangazo Septemba 2025, lakini kuondoa tangazo si kumaliza ugonjwa. Mwenye vipele na homa asisafiri. Aliyegusana na mgonjwa ajiangalie siku 21 kabla ya kupanda gari au ndege.

SAA SABA ZA TOFAUTI

Bukavu ikiwa saa 6 mchana, Tokyo ni saa 1 usiku. Mwili haugeuki kama saa ya mkononi. Kwa desturi unahitaji karibu siku moja kwa kila saa ya tofauti. Ukifika, kula na ulale kwa saa za kule, tafuta mwanga wa asubuhi, na usilale mchana kutwa. Anayemeza dawa kwa saa maalumu aulize munganga namna ya kuzigeuza.

Na hapa tunakuja kwenye jambo la kazi. Wafanyakazi wengi wanataka kunyonya konje hadi siku ya mwisho: leo ameshuka ndege, kesho yuko chini ya udongo. Hiyo ni hatari. Mtu ambaye mwili wake unafikiri ni usiku wa manane atasinzia akiendesha mashine, atasahau kupima dari, atakosea hesabu ya baruti. Tena hataumia peke yake, kwa maana mgodini makosa ya mmoja yanawaangukia wote.

Weka siku 3 au 4 za konje kwa kupumzika nyumbani. Ukirudi, mwambie mkuu wako wa kazi kwamba umetoka mbali, na uombe usianze kwa zamu ya usiku, kwa kuendesha gari zito wala kwa kazi ya baruti. Mkuu mwenye akili hatakucheka. Nanyi akina mama, baba akirudi na macho mekundu akataka kwenda kazini usiku uleule, mzuieni mlangoni.

Mwenda mbali hujitengeneza mapema. Nenda ukawaone wana na wajukuu, kula nao, cheka nao, kisha urudi mzima kwa jamaa inayokungoja hapa.

Usalama kwanza, kazini na njiani!