Irabu saba za Kinyakyusa na wasomi wake

Aliyefunzwa kuandika Kiswahili pekee hukwama anapojaribu kuandika Kinyakyusa, lugha ya Rungwe na Kyela mkoani Mbeya. Kiswahili kina irabu 5, Kinyakyusa kina 7. Kwa herufi za Kiswahili, maneno mawili yenye maana tofauti huweza kuandikwa sawa.

Mwaka 1996 Knut Felberg alichapisha jijini Dar es Salaam kamusi ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili. Mwaka 2003 shirika la SIL lilianzisha mjini Mbeya mradi wa kuziandika lugha za Mbeya na Iringa, zikiwemo Kisafwa na Kibena, na kutafsiri Biblia. Katika tahajia ya Kinyakyusa ziliongezwa herufi ɨ na ʉ.

Naye Bastian Persohn alitoa mwaka 2017 kitabu kizima kuhusu kitenzi cha Kinyakyusa, kwani neno hilo moja hubeba mtenda, wakati na hali ya tendo.

Hata hivyo, Kinyakyusa si lugha ya kufundishia shuleni. Kamusi huhifadhi neno; kulirithisha ni kazi ya mzazi anayezungumza na mwanawe nyumbani.