Ukuzaji wa Vijiti-Nano vya Oksidi ya Chuma kwa Ajili ya Kutenganisha Maji kwa Mwanga wa Jua: Mtazamo kutoka Pwani ya Kizimkazi

Katika pwani ya Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kutu ni adui wa kila siku. Hewa ya chumvi hula nanga, misumari ya vyombo na mabati ya mapaa. Hata hivyo, kutu hiyo hiyo ikipashwa moto hadi maji yake yatoke huwa hematiti, oksidi ya chuma inayoweza kugeuza mwanga wa jua kuwa nishati ya kikemia. Makala hii inafafanua jinsi umbo la oksidi hiyo, katika kipimo cha nanomita, linavyoathiri ufanisi wake.

Suala hili lina uzito kwa Unguja. Tangu mwaka 1980 kisiwa hicho kimetegemea kwa sehemu kubwa umeme unaopitia kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Hitilafu iliyotokea Desemba 2009 ilikiacha gizani kwa takriban miezi mitatu. Jua lipo tele, lakini huzama kila jioni. Nishati yake huhitaji ghala, na haidrojeni itokanayo na maji ni mojawapo ya maghala hayo.

Msingi wa taaluma hii uliimarishwa na Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani, ambao mwaka 1972 walionesha kuwa elektrodi ya oksidi ya titani iliyomulikwa huweza kutenganisha maji. Mwanga unapofyonzwa na nusukipitishi, elektroni huvuka pengo la nishati na kuacha tundu lenye chaji chanya. Tundu likifika kwenye uso wa elektrodi, huchukua elektroni kutoka katika maji na oksijeni hutoka. Elektroni hupita kwenye waya hadi elektrodi ya pili na kuzalisha haidrojeni. Pengo la oksidi ya titani ni kubwa, takriban elektroni-volti 3.0 hadi 3.2, hivyo hutumia karibu miali ya urujuanimno pekee, ambayo ni takriban asilimia 5 ya nishati ya jua. Pengo la hematiti, takriban 2.1, huiwezesha kufyonza pia sehemu ya mwanga unaoonekana.

Kikwazo cha hematiti ni kwamba tundu husafiri nanomita chache tu kabla ya kukutana na elektroni na kutoweka, ilhali kufyonza mwanga wa kutosha huhitaji unene wa mamia ya nanomita. Utando mnene hunasa mwanga lakini hupoteza matundu. Utando mwembamba huokoa matundu lakini huacha mwanga upite. Vijiti-nano vinavyosimama wima hupunguza mgongano huo: mwanga hufuata urefu wa kijiti, na tundu hufuata upana wake.

Ili kuvikuza, kioo chenye utando unaopitisha umeme hutumbukizwa katika myeyusho wa kloridi ya chuma na nitrati ya sodiamu, kisha chombo hufungwa na kupashwa moto wa takriban nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Vijiti vya rangi ya manjano huota juu ya kioo. Vikichomwa katika tanuri kwa zaidi ya nyuzi 500 huwa hematiti. Karibu na nyuzi 800, atomi za bati kutoka katika utando wa kioo hupenya ndani ya vijiti na kuboresha upitishaji wa umeme. Lakini joto hilo hilo hunenepesha vijiti na kudhoofisha utando wa kioo, hivyo muda wa kuchoma lazima udhibitiwe.

Umbo bora peke yake halitoshi. Elektroni za hematiti hazina nishati ya kutosha kuzalisha haidrojeni bila volti ya ziada, mathalani kutoka kwenye seli ya jua. Aidha, katika maji ya bahari, kloridi hushindana na maji na klorini huweza kutoka badala ya oksijeni. Kwa kisiwa ambacho maji yake matamu hutegemea mvua inayohifadhiwa ndani ya mawe ya matumbawe, suala la maji ya bahari si la pembeni. Kwa hiyo, elektrodi inayokusudiwa pwani kama ya Kizimkazi haina budi kupimwa kwa mkondo wa umeme inaotoa, kwa gesi inayozalisha na kwa muda inaodumu ndani ya chumvi.